Sura ya Sita: Bunduki Iliyopendwa Kabla Haijauzwa

Vijana wanaofuatilia habari za silaha, hasa wale wanaocheza gemu za vita, huuliza swali moja tena na tena. Kama zipo bunduki zinazoweza kubadilishwa mtutu, kitako na hata aina ya risasi kwa dakika chache, kwa nini askari tunaowaona barabarani bado wanabeba silaha za enzi za babu zao? Ni swali la haki. Polisi anayelinda benki Nairobi mara nyingi ameshika G3, bunduki iliyoingia katika jeshi la Ujerumani Magharibi mwaka 1959. AK, ambayo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kutambulishwa, ni kongwe zaidi. Tangu wakati huo dunia imebadilisha simu, magari na kamera mara nyingi.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba nchi zetu hazina fedha. Jibu hilo halitoshi. Jeshi la Marekani, ambalo bajeti yake inayapita majeshi yote duniani, limeingia karne hii likiwa na bunduki za ukoo wa AR-15, uleule lililoanza nao miaka ya 1960. Ukosefu wa fedha hauwezi kuwa sababu huko. Ili tuipate sababu yenyewe, sura hii inafuata maisha ya bunduki moja ya Kimarekani iliyoitwa Masada, kisha ikaitwa ACR. Ilisifiwa kuliko silaha nyingi za kizazi chake, na ilisifiwa zaidi kabla mtu yeyote hajaweza kuinunua.

Bunduki ya vipande ni nini?

Kila bunduki ina vipande. Mtutu ni bomba ambamo risasi hupita. Bolti ni chuma kinachofunga nyuma ya risasi wakati baruti inapolipuka. Kitako ndicho kinachoegemezwa begani. Magazini ni kasha la kubebea risasi. Katika bunduki za zamani vipande hivi viliungwa kwa nia ya kukaa pamoja maisha yote: mtutu ulikazwa kiwandani, na kuung'oa ilikuwa kazi ya fundi mwenye zana zake.

Bunduki ya vipande vinavyobadilika hutengenezwa kwa nia tofauti. Mwili wake ni mmoja, lakini mwenye nayo anaweza kufunga mtutu mfupi anapoingia ndani ya majengo na mtutu mrefu anapokwenda uwandani. Anaweza kukikunja kitako akiwa garini. Akibadilisha mtutu pamoja na kichwa cha bolti, anaweza hata kutumia risasi ya kipenyo kingine.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1963 mhandisi Eugene Stoner, yuleyule aliyebuni AR-15, alitoa mfumo wa Stoner 63, ambao mwili wake mmoja ungeweza kuundwa kuwa bunduki ya kawaida, karabini fupi au bunduki ya mashine. Makomando wa jeshi la majini la Marekani, SEAL, waliutumia Vietnam na waliupenda. Hata hivyo haukuwahi kuwa silaha ya jeshi zima. Ulihitaji matunzo mengi, na walioumudu walikuwa vikosi vidogo vyenye muda na mafundi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Austria ilianza kutumia Steyr AUG, ambayo mtutu wake hutoka kwa kuzungushwa tu. Hiyo ilifanikiwa, tena imedumu. Ila askari wengi wanaobeba AUG hupewa mtutu mmoja na kukaa nao hadi wanastaafu. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalihitaji mbele.

Kampuni ya kipande cha mpira

Kampuni iliyobuni Masada haikuwa ya bunduki. Magpul ilianzishwa mwaka 1999 huko Colorado na Richard Fitzpatrick, aliyekuwa askari wa Marine. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa kitanzi cha mpira. Askari walikuwa wakifunga kamba na utepe kwenye magazini zao ili waweze kuzichomoa haraka mfukoni, na Fitzpatrick akaligeuza jambo hilo la mtaani kuwa bidhaa ya dukani. Baadaye kampuni ikatengeneza vitako, vishikio na magazini za plastiki ngumu. Askari walizipenda kwa sababu zilitatua kero ndogo walizokuwa wakizilalamikia kila siku.

Januari 2007, kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya silaha yaitwayo SHOT Show, yaliyofanyika Orlando, Florida, kampuni hiyo ilionyesha bunduki nzima iliyoibuni kwa miezi michache tu. Iliipa jina la Masada, ngome ya kale iliyo juu ya mlima karibu na Bahari ya Chumvi.

Ubora wa Masada ulikuwa katika kuchagua. Wabunifu walizitazama bunduki zilizokwishajaribiwa, wakachukua kutoka kila moja kile ilichofanya vizuri. Umbo la sehemu ya juu lilifuata SCAR ya Ubelgiji. Namna ya kuendesha bolti ilitoka kwa AR-18, bunduki ya miaka ya 1960 iliyobuniwa Marekani.

Hapa inafaa tueleze. Risasi inapofyatuliwa, husukumwa na gesi ya baruti iliyolipuka. Sehemu ndogo ya gesi hiyo huchepushwa ili irudishe bolti nyuma, itupe ganda tupu na kuruhusu risasi nyingine iingie. Katika ukoo wa AR-15, gesi hiyo hupelekwa moja kwa moja ndani ya mwili wa bunduki, na masizi huingia pamoja nayo. Katika AR-18 gesi husukuma fimbo fupi iitwayo pistoni, na fimbo hiyo ndiyo inayosukuma bolti. Masizi mengi hubaki mbele, na mwili wa bunduki haupati joto wala uchafu kiasi kile.

Juu ya hayo, Masada ilikuwa na mtutu unaofunguliwa bila spana wala bisibisi, sehemu ya chini ya plastiki ngumu, kitako cha kukunja na kurefusha, na vidhibiti vinavyofikika kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Kila mtu aliyewahi kulalamika kuhusu bunduki yake alikuta hapo lalamiko lake limesikilizwa. Ndiyo maana ilipendwa hivyo, na nasema bila kusita kwamba mapenzi hayo yalikuwa na msingi. Kama mchoro, Masada ilikuwa kazi nzuri.

*Kwa ufupi: bunduki ya vipande ni mwili mmoja unaokubali mitutu, vitako na risasi tofauti. Wazo hilo lilikuwapo tangu miaka ya 1960. Masada ililikusanya katika umbo ambalo watu walilitamani.*

Miaka ya kungoja

Magpul haikuwa na kiwanda cha kutengeneza bunduki kwa wingi. Januari 2008 ilitangaza kwamba Bushmaster, kampuni ya jimbo la Maine, ndiyo itakayoitengeneza. Bushmaster ilikuwa mikononi mwa Cerberus, kampuni ya uwekezaji ya New York, ambayo ilikuwa pia imeinunua Remington na kuziunganisha kampuni zake za silaha chini ya jina Freedom Group. Masada ikapewa jina jipya, ACR. Bushmaster ingewauzia raia, na Remington ingelishughulikia jeshi.

Toleo la raia lilikuwa la kutoa risasi moja kila kifyatuo kinapovutwa. Toleo la kijeshi lingeweza kumimina mfululizo. Tofauti hiyo itakuwa na uzito baadaye.

Kisha wapenzi wakangoja. Mwaka 2008 ukapita, 2009 ukafuata. Bei iliyokuwa ikitajwa midomoni mwa watu ilikuwa dola 1,500 hivi, juu kidogo ya bunduki nzuri ya ukoo wa AR-15 kwa wakati huo. Novemba 2009 likatoka gemu la Call of Duty: Modern Warfare 2, na ACR ilikuwamo. Gemu hilo liliuza nakala zipatazo milioni 4.7 siku ya kwanza katika Marekani na Uingereza pekee. Mamilioni ya watu wakaipiga ACR sebuleni kwao huku maduka ya silaha bado hayana hata moja.

Ilipotoka hatimaye mwaka 2010, mapokezi yaligeuka. Bei ya toleo la kawaida ilikuwa dola 2,685, na toleo lenye vikorombwezo lilizidi 3,000. Waliokuwa wameweka akiba kwa ajili ya bunduki ya dola 1,500 walijiona wamesalitiwa. Malalamiko mengine yalikuja haraka:

- Uzito ulikuwa kama kilo 3.7 bila risasi, jambo lililowashangaza watu walioahidiwa silaha ya plastiki na wepesi.
- Mifereji iliyo ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi ili ipae bila kuyumba, ilikamilisha mzunguko mmoja kwa kila inchi 9. Wajuzi walitaka inchi 7, kama M4, karabini ya jeshi la Marekani, ili risasi nzito nazo zitulie hewani.
- Mitutu ya risasi za vipenyo vingine, ambayo ndiyo ilikuwa sababu yenyewe ya kuinunua, haikuwapo dukani.

Oktoba mwaka huohuo Bushmaster iliwataka wenye ACR waache kuitumia na kuirudisha kiwandani, kwa kuwa iligundulika kwamba ingeweza kutoa risasi zaidi ya moja kwa mvuto mmoja wa kifyatuo. Kasoro ilirekebishwa bila malipo. Lakini kwa silaha ya raia hakuna kasoro inayotisha kuliko hiyo, na ilitokea katika mwaka wa kwanza, wakati sifa ya bidhaa ndiyo kwanza inajengwa.

Spea

Mtu anayenunua gari Dar es Salaam au Kampala haanzi na uzuri wa taa. Ataulizwa na shemeji, jirani na fundi swali moja: spea zake zinapatikana? Gari la fahari ambalo spea yake huagizwa kwa miezi mitatu litaegeshwa chini ya mwembe, na Toyota kuukuu litaendelea kubeba abiria kwa sababu kila mtaa una mtu anayeuza pampu yake.

ACR iliangukia hapo. Kubadilika kwa bunduki hakukai ndani ya mchoro. Kunakaa katika maduka, karakana na viwanda vitakavyotengeneza vipande vyake mwaka kesho na miaka kumi baadaye. Mtutu unaofunguliwa bila spana hauna faida ikiwa hakuna mtutu wa pili wa kufunga. Aliyenunua ACR mwaka 2010 alilipia bawaba za mlango ambao chumba chake hakijajengwa. Mitutu ya ziada ilichelewa mno. Na kwa kuwa mfumo ulikuwa na mwenyewe mmoja, karakana nyingine hazikuona faida ya kutengeneza vipande vya bunduki iliyo mikononi mwa watu wachache. Watu nao hawakununua kwa sababu vipande havikuwapo.

Itazame sasa AR-15. Stoner hakuibuni kwa kusudi la kubadilishwabadilishwa kama alivyoibuni Stoner 63. Lakini hataza yake, yaani haki ya kisheria ya kuwa mtengenezaji pekee, iliisha mwaka 1977. Tangu hapo kampuni yoyote yenye mashine za kukata chuma iliruhusiwa kuitengeneza. Sheria ya Marekani nayo ikachangia: kipande kimoja tu, chenye namba, ndicho kinachohesabiwa kuwa bunduki. Mitutu, vitako na vishikio huuzwa kama bidhaa za kawaida. Kufikia miaka ya 2000 AR-15 ilikuwa na aina nyingi za mitutu na risasi kuliko ACR ilivyowahi kuahidi. Kubadilisha mtutu peke yake kulihitaji zana, ni kweli, lakini nusu nzima ya juu iliweza kutolewa kwa kusukuma pini mbili na kuwekwa nyingine.

Bunduki kuukuu, iliyokuwa na masizi yake na kelele za wakosoaji tangu Vietnam, ndiyo iliyokuwa bunduki ya vipande ya kweli. Haikuipata hadhi hiyo kwa mbunifu mmoja mwenye akili. Iliipata kwa wingi wa watu walioruhusiwa kuigusa.

Jeshi lilisema nini?

Remington iliipeleka ACR kwenye shindano ambalo Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lililifungua mwaka 2011 la kutafuta karabini mpya ya kuirithi M4. Washindani walikuwa kampuni kubwa, zikiwamo FN, Heckler & Koch, Colt na Beretta. Juni 2013 shindano lilisimamishwa bila mshindi. Jeshi lilieleza kwamba hakuna bunduki iliyofikia kipimo lilichoweka: wastani wa risasi 3,592 bila kukwama. Wakosoaji walisema kipimo kilikuwa kikali mno, tena risasi zilizotumika zilikuwa za aina mpya ambayo bunduki zile hazikubuniwa kwa ajili yake. Hoja yao ina nguvu. Lakini tuseme hata kama ACR ingefaulu, je, jeshi lingefanya nini na uwezo wake wa kubadilisha risasi?

Rudi kwa askari wa AUG na mtutu wake mmoja. Jeshi haliishi kwa bunduki moja moja. Linaishi kwa maghala, malori, vitabu vya mafunzo, na mafundi wa ngazi ya kikosi wanaojua kipande gani huchoka baada ya risasi elfu ngapi. Kamanda anataka kila askari aweze kuokota magazini ya mwenzake aliyeanguka na kuendelea kupigana. Kikosi ambacho nusu yake ina risasi za kipenyo hiki na nusu nyingine kipenyo kile ni kikosi kitakachopelekewa sanduku lisilo lake usiku wa vita. Uhuru anaoutamani mtu mmoja mwenye bunduki yake ni tatizo kwa mtu mwenye watu mia nane wa kuwalisha risasi.

Ambacho askari walihitaji kubadilisha ni darubini, tochi na vishikio. Hilo lilikuwa limekwishatatuliwa mwaka 1995 kwa reli ya Picatinny, yaani ukanda wa chuma wenye meno ya vipimo sawa unaofungwa juu ya bunduki ili kifaa chochote kikae. Ni kitu kidogo cha bei rahisi, na kilimaliza sehemu kubwa ya haja ambayo bunduki nzima mpya ilidai kuja kuimaliza. Sababu hizi ndizo zinazomweka askari wa Nairobi na G3 yake pia. Umaskini unachangia, lakini hata akipewa fedha, atakayeulizwa kwanza ni mtunza ghala.

Umma mwingine

Mpaka hapa nimezungumzia mapokezi ya wanunuzi, wachezaji wa gemu na majenerali. Upo umma mwingine ambao silaha hizi huufikia bila kuulizwa.

Tarehe 14 Desemba 2012, katika shule ya msingi ya Sandy Hook mjini Newtown, Connecticut, kijana mmoja aliua watoto 20 na watu wazima 6 wa shule hiyo. Bunduki aliyotumia haikuwa ACR. Ilikuwa XM15, ya ukoo wa AR-15, lakini ubavuni ilikuwa na jina lilelile: Bushmaster. Siku nne baadaye Cerberus ilitangaza kwamba itauza Freedom Group. Miongoni mwa waliokuwa na fedha zao ndani ya Cerberus ni mfuko wa pensheni wa walimu wa California, na walimu hao hawakuweza kuvumilia akiba ya uzeeni kwao itokane na silaha iliyoua walimu wenzao darasani.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2005 huwakinga watengenezaji wa silaha dhidi ya kesi nyingi zinazotokana na uhalifu wa watumiaji. Familia tisa za Newtown zilipita mlango mwingine: zilishtaki namna bunduki ilivyotangazwa, zikidai kwamba matangazo yaliwalenga vijana wa kiume na kuifanya silaha ya kivita kuwa kipimo cha uanaume. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Connecticut iliruhusu kesi iendelee. Remington ilifilisika, na mwaka 2020 mali zake zikauzwa kwa mnada kipande kimoja kimoja: kampuni ya Ruger ilichukua chapa ya Marlin, na Bushmaster ikaenda kwa kampuni ya Franklin Armory. Februari 2022 familia zilikubaliana na kampuni za bima za Remington juu ya fidia ya dola milioni 73. Hazikuridhika na fedha peke yake. Zilidai na kupata haki ya kuzitoa hadharani nyaraka za ndani za kampuni.

Nyaraka hizo zilipofika magazetini zilionyesha kwamba ACR haikuingia katika gemu la 2009 kwa bahati. Kampuni ilikuwa imekubaliana na Activision, mchapishaji wa gemu, na ndani ya ofisi zake iliandikwa kwamba, watu wanapozidi kuhamia mijini na maeneo ya kuwinda yanapopungua, gemu ndiyo njia kuu ya kijana kukutana na silaha kwa mara ya kwanza. Hilo linabadilisha namna ninavyoisoma ile miaka ya kungoja. Mnunuzi aliyelalamikia dola 2,685 alijua kwamba anauziwa kitu. Kijana wa miaka 15 aliyeishika ACR kwenye skrini hakuambiwa, na baba yake aliyelipia gemu hakuambiwa.

Mei 2024 familia za Uvalde, Texas, mji ambako watoto 19 na walimu 2 waliuawa shuleni mwaka 2022, ziliishtaki Activision. Zilidai kwamba gemu zake huwafundisha wavulana kuzitamani bunduki halisi zinazouzwa dukani. Kampuni imekana, ikisema mamilioni ya watu duniani hucheza bila kumdhuru mtu. Hilo ni kweli, na halijibu kilicholalamikiwa. Wazazi wale hawakudai kwamba kila mchezaji ni muuaji. Walidai kwamba mtengenezaji wa silaha hana haki ya kumtangazia mtoto bidhaa ambayo sheria inamkataza kumuuzia, na kwa upande wangu sioni namna ya kuwakatalia.